Ulimi si Mizani: Mama na Kuonja Pombe Kali

   Hiki ni kipindi chetu cha afya, na mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Epua sufuria kidogo, punguza kelele, tuzungumze.

Leo tunazungumza juu ya kuonja pombe. Sijasema kunywa. Nimesema kuonja. Tukiwauliza akina mama kliniki, "Je, unatumia pombe?" wengi hujibu, "Hapana sista, mimi sinywi. Mimi naonja tu." Jibu hilo linatoka moyoni. Mama hadanganyi. Kwake kunywa ni kukaa chini na wengine mpaka usiku. Kuonja ni kazi tu, au ni desturi.

Basi ni nani anayeonja? Wa kwanza ni mama anayepika busaa au chang'aa ili alipe kodi ya nyumba na karo ya watoto. Hawezi kumuuzia mteja kitu ambacho hajui kimeiva au la. Wa pili ni dada anayehudumu katika baa au katika nyumba ya kuuzia pombe. Mteja humwambia, "Onja kwanza wewe, nione kama ni salama." Wa tatu ni mama mja mzito anayepewa kikombe kidogo aseme kama ni kali. Na wa nne, mama yangu, ni mtoto mchanga anayepakwa tone mdomoni ili anyamaze.

Hao wote wanne wameweka imani yao katika kitu kimoja, yaani ulimi. Ninataka leo uelewe kwamba ulimi si mizani. Kuna mambo matatu ambayo ulimi hauwezi kukuambia, hata uwe umezoea kuonja kwa miaka 20.

Jambo la kwanza: ulimi haupimi kiasi cha kileo.

Hebu tuangalie jinsi watu wanavyoonja. Hapa kwetu mtu hupiga funda moja, akakunja uso, akasema, "Hii ni kali, imeshika koo." Mwingine huwasha kiberiti aone kama inawaka. Ng'ambo ya pili ya barabara, huko Lavington na Westlands, wako waonjaji wa namna nyingine. Siku hizi kuna viwanda vidogo vya Nairobi vinavyotengeneza bia kali yenye uchungu mwingi. Mwonjaji huinua glasi, hutazama rangi na povu, hunusa, hupiga funda, kisha huipa bia alama. Wewe dada wa Kawangware unayefanya kazi katika nyumba hizo umeziona chupa hizo zikibaki mezani, na pengine umeambiwa, "Onja, utuambie."

Uchungu ule unatoka wapi? Unatoka katika hopsi, maua ya mmea unaotambaa, ambayo huchemshwa pamoja na maji ya kimea. Hopsi huleta uchungu na harufu. Hazileti kileo. Kileo huletwa na hamira inapokula sukari iliyo katika kimea. Kwa hiyo bia inaweza kuwa chungu kama mwarobaini na bado iwe na kileo kidogo. Nyingine inaweza kuwa tamu, laini, yenye harufu ya matunda, na iwe na kileo kingi. Mtu anayesema, "Hii ni chungu, kwa hiyo ni kali," amepima hopsi. Hajapima kileo.

Kileo hupimwa kwa kifaa, na kwa pombe ya kiwandani kiasi chake huandikwa kwenye chupa kwa asilimia. Chukua chupa ya Tusker ya mililita 500. Imeandikwa asilimia 4.2. Maana yake, ndani yake mna mililita 21 za kileo kitupu. Ile bia kali ya viwanda vidogo inaweza kufika asilimia 7. Chupa ya ukubwa ule ule ina mililita 35. Hivyo chupa moja ni zaidi ya Tusker moja na nusu, ingawa kwa macho zote mbili ni chupa moja.

Sasa tuje kwa pombe yetu, ambayo haina maandishi. Wataalamu waliopima pombe za kienyeji magharibi mwa Kenya, na kutoa matokeo yao mwaka 2010, walipata kwamba busaa ina wastani wa asilimia 4 na chang'aa wastani wa asilimia 34. Huo ni wastani tu. Mpishi mmoja hutofautiana na mwingine, na hata mtungi wa leo si sawa na wa jana. Lakini tupige hesabu. Lita moja ya busaa ina karibu mililita 40 za kileo, yaani karibu Tusker mbili. Glasi ya chang'aa ya mililita 250 ina mililita 85. Hiyo ni sawa na Tusker nne katika glasi moja.

Na yule mama anayeonja tu? Mama mpishi huonja matone ya kwanza yanayotoka, huonja katikati, huonja mwisho, huonja baada ya kuchanganya, na huonja tena mteja akilalamika. Tuseme kwa siku nzima ameonja vijiko vikubwa sita. Kijiko kikubwa ni mililita 15. Vijiko sita ni mililita 90, na ndani yake mna karibu mililita 31 za kileo. Mama, hiyo ni karibu chupa moja na nusu ya bia, na hujaketi chini hata mara moja. Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Ndivyo kuonja kulivyo.

Jambo la pili: ulimi hautambui sumu.

Sumu ninayoizungumzia inaitwa methanoli. Ni spiriti ya viwandani inayotumika katika kutengeneza rangi na dawa za kusafishia. Haikuumbiwa tumbo la mtu. Inafanana na kileo cha kawaida kwa rangi, kwa harufu na kwa ladha. Hukaa wazi kama maji, na huwasha koo vile vile. Pombe ya nafaka yenyewe huwa na methanoli kidogo sana. Maafa makubwa hutokea pale mtu anapoongeza methanoli ili pombe iwe nyingi na ionekane kali. Mara nyingi si mama mpishi anayefanya hivyo. Ni yule anayemuuzia mtungi uliokwisha kuchanganywa, naye mama anauza kwa glasi bila kujua.

Haya si maneno ya kutishana. Mnamo Novemba 2000, huko Mukuru, hapa hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 watu zaidi ya 40 walikufa katika sehemu za Machakos. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Na Februari 2024 watu zaidi ya 10 walikufa katika Kaunti ya Kirinyaga. Fikiri juu ya watu hao wote. Kila mmoja wao alionja kabla ya kumeza. Hakuna ulimi hata mmoja uliomwambia mwenyewe, "Tema!"

Wengine watasema, "Lakini sista, sisi tunawasha kiberiti." Kiberiti hakisaidii. Kileo cha kawaida huwaka kwa moto wa buluu. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa buluu hafifu, ambao mchana hata hauonekani vizuri. Zikichanganywa, zinawaka pamoja. Moto ukiwaka umejua tu kwamba kuna spiriti. Hujajua ni spiriti gani.

Hatari nyingine ni kwamba methanoli haiui papo hapo. Aliyekunywa huonekana amelewa kama siku zote. Huenda akaenda nyumbani kwa miguu yake, akasalimia watoto, akalala. Wakati huo ini lake linaibadilisha methanoli kuwa asidi kali, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu mishipa ya macho na kuvuruga damu. Dalili kubwa mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 24, na kama alichanganya na pombe nyingine zinaweza kuchelewa zaidi.

Shika dalili hizi: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kukata, kizunguzungu, kupumua haraka haraka kama mtu aliyekimbia, na macho kuona ukungu au weupe kama moshi. Mtu akikuambia asubuhi, "Mbona nyumba ina giza?" na jua limewaka, usingoje chai iive. Hiyo si loki ya jana.

Ukiona hivyo, fanya nini? Usimpe pombe nyingine ya kutoa loki. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa ukidhani yatakata sumu, maana hayakati. Usimwambie alale itaisha. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asisongwe, kisha tafuta gari au bodaboda yenye mtu wa kumshika nyuma, umpeleke hospitali. Ukiwa Kibera, Mbagathi haiko mbali, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iko mbele yake kidogo. Hospitali zina dawa za kuzuia ini lisigeuze methanoli kuwa asidi, na hospitali kubwa zina mashine za kusafisha damu. Dawa hizo hufanya kazi vizuri mgonjwa akifika mapema. Beba na chupa au kikombe chenye mabaki ya kile alichokunywa.

Na sema ukweli. Wengi huogopa kusema "chang'aa" kwa sababu ya polisi, wakasema, "Ni malaria," au "Alikula nyama mbaya." Saa zinapotea tukitafuta malaria, na macho yanapotea nazo. Mbele ya muuguzi, taja ulichokunywa na saa ulipokunywa. Kazi yetu ni kuokoa mtu. Kama watu wawili waliokunywa mahali pamoja wanaumwa, waambie na wengine wote waliokunywa hapo waende hospitali, hata kama hawajisikii vibaya.

Jambo la tatu: ulimi wako hauonji kwa niaba ya mtoto.

Mama mja mzito, sikiliza hapa. Kileo unachomeza huingia katika damu yako, na kutoka katika damu yako hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ini lake bado ni changa, haliwezi kukisafisha. Wewe umeonja kijiko, yeye hana namna ya kutema. Kileo kinaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na ubongo wake kuathirika hata ashindwe kukaa tuli, kukumbuka na kusoma shuleni. Madhara hayo ya ubongo hayaponi. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama wakati wa mimba, wala hakuna mwezi ulio salama. Busaa, bia, divai na chang'aa ni mamoja. Ikiwa uliwahi kuonja kabla ya kujua una mimba, usikate tamaa. Acha leo, na umwambie muuguzi wako kliniki. Kila siku unayoacha inamsaidia mtoto.

Mama anayenyonyesha, wako watakaokuambia, "Kunywa busaa, maziwa yatoke." Maneno haya tunayasikia sana kutoka kwa nyanya, na nyanya anakutakia mema. Lakini kileo hupunguza kushuka kwa maziwa, na mtoto hunyonya maziwa machache baada ya mama kunywa. Tena kileo kilicho katika damu yako ndicho kilicho katika maziwa yako. Kinacholeta maziwa ni kumnyonyesha mtoto mara nyingi, mchana na usiku, na mama kupata uji, maji, chakula na kupumzika. Nyanya akitaka kukusaidia, na akukorogee uji wa wimbi, kisha akushikie watoto wengine ulale kidogo.

Ni vyema mama anayenyonyesha asitumie pombe kabisa. Ikiwa umekunywa chupa moja ya bia, ngoja saa mbili hadi tatu kabla ya kunyonyesha. Ukinywa mbili, ngoja mara mbili ya hapo. Kukamua maziwa na kuyamwaga hakuharakishi, ni wakati tu unaosafisha damu. Na ukiwa umekunywa, usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Najua nyumba zetu ni chumba kimoja na kitanda ni kimoja. Mwombe mtu ambaye hajanywa alale naye, au mtandikie mahali pake salama. Mtu aliyelewa hulala usingizi mzito, anaweza kumlalia mtoto asijue.

Je, lile tone la kumnyamazisha mtoto? Mama, mtoto halali kwa sababu ametulia. Analala kwa sababu amelewa. Kileo hushusha sukari katika damu ya mtoto, na sukari ikishuka sana mtoto hupoa mwili, hulegea, hupata degedege, na anaweza kufa. Mtoto anayelia anataka kitu: ana njaa, amelowa, ana gesi, ana homa, au anataka kubebwa. Akilia bila kunyamaza, mlete kliniki. Na machicha ya busaa, usimpe mtoto kama uji. Bado yana kileo.

Watoto wengi huonja bila kupewa. Chang'aa imewekwa katika chupa ya soda au ya maji, mtoto katoka kucheza ana kiu, anaona kitu cheupe. Pombe na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa za vinywaji, wala chini ya kitanda. Mtoto akinywa, usimtapishe. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya, iwe ni Kibera South, Riruta au kilicho karibu nawe. Akiwa amelegea, usimpe kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu, mkimbize.

Sasa nizungumze na mama anayepika. Najua huwezi kuambiwa "acha" kisha ukabaki na watoto wanaolia njaa. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo tangu 1980, lakini kutengeneza na kuuza pombe kunahitaji leseni, na pombe inayopikwa nyumbani kwa siri bado ni kosa. Unaishi ukiogopa polisi, moto na sumu. Kaa na wenzako wa chama, pigeni hesabu ya biashara nyingine, iwe ni mandazi, githeri, mboga au mitumba, hata kama mtaanza na siku mbili kwa wiki. Wakati unatafuta njia, shika haya: usinunue mtungi wa mtu usiyemjua ukauza kwa glasi, usiongeze spiriti yoyote, usimtume mtoto kuonja wala kuchunga moto, na ukiwa na mimba usionje.

Na kama umegundua kwamba kuonja kumekuwa kunywa, kwamba asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate funda, hiyo si aibu. Ni ugonjwa, na unatibika. Lakini usiache ghafla peke yako, kwa sababu kutetemeka huko kunaweza kuleta degedege. Njoo kituo cha afya, au piga simu ya NACADA, namba 1192. Haitozwi pesa.

Mama mpendwa, kabla hatujaachana, yakumbuke haya:

1. Uchungu na kuwasha koo si kipimo cha kileo. Vijiko sita vya kuonja vinaweza kufika chupa moja na nusu ya bia.

2. Ulimi na kiberiti havitambui methanoli. Macho yakiona ukungu baada ya pombe, ni hospitali mara moja, na useme ukweli.

3. Mja mzito asionje. Mtoto asionjeshwe hata tone. Pombe isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji.

Zungumzeni haya katika chama chenu wiki hii. Ulizaneni: katika ploti yetu, pombe na mafuta ya taa vimewekwa wapi? Na usiku wa manane mtu akishindwa kuona, ni nani kati yetu mwenye namba ya mtu wa gari? Iandikeni namba hiyo ukutani kabla ya kulala leo.

 Mlinde mtoto, naye Mungu awalinde.